Udongo wa Ukingo Mpya

Jumapili, 1 Machi 1964

Nicanor, dresa wa zahanati yetu, aliweka sikio mgongoni pangu leo, akaliondoa, akaliweka tena. Nikamwambia aseme tu.

"Mzee Makori, humo ndani kumejaa mawe."

Nikamjibu kwamba hayo mawe nayajua kwa majina. Tangu nitoke chuo cha Makerere hadi miguu iliponikataa, kazi yangu ilikuwa kupima madini katika mgodi ulio juu yetu hapa, na chumba changu kilipakana na kinu cha kusagia mawe. Vumbi la kinu hicho nimelila kuliko ugali. Nicanor akasema masika haya nitayaona. Vuli hakuitaja.

Basi nitaandika hadi mvua iishe. Mimi Mkisii, na Filister, mke wa mwanangu Jared, ni Mjaluo wa Rusinga. Tunagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Nikifa, yeye ndiye atakayesoma, kwa hiyo naandika kwa lugha ya ugomvi wetu.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Jiko linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 7 Machi

Sabato. Kifua hakikuniruhusu kwenda kanisani. Filister alirudi na habari kwamba kwaya inaimba vibaya tangu niache kukohoa katikati ya nyimbo.

Ana mimba. Mbili zimetoka kabla ya hii. Jared yuko bandarini Kisumu na harudi hadi mvua iishe, kwa hiyo mimba hii tunailinda sisi wawili, mjane na mjamzito, kama watu wanaobeba chungu cha maji kwenye utelezi.

Jumatatu, 9 Machi

Zilpah amepita. Ni mjane pia. Huchimba odowa, ule udongo mwororo wa kula, kwenye ukingo wa mto Kuja, akaukausha juu ya moshi na kuwauzia wanawake wenye mimba, ambao huutamani kama mlevi anavyotamani pombe. Ana bangili ya shaba aliyoachiwa na mama yake, na huigonga kwenye kikapu ili watu wajue anakuja. Sioni haja: mdomo wake unasikika ng'ambo. Mimi huniita Jaduong', yaani mzee.

"Jaduong', bado hujafa? Mimi nilishatunga wimbo!"

"Uimbe basi niusikie."

"Aa, wimbo wa matanga hauimbiwi mwenyewe. Utaanza kusahihisha."

Filister alicheka hadi akashika tumbo. Mimi simpendi sana mwanamke huyu. Huuza kwa ulimi kabla ya kuuza kwa mkono.

Alhamisi, 12 Machi

Mto umepanda. Unanguruma tangu asubuhi.

Ijumaa, 13 Machi

Mto umepanda zaidi. Shimo la Zilpah la odowa limebomoka lote na kuchukuliwa na maji.

Jumatatu, 16 Machi

"Mate yananijaa, Baba," Filister alisema. "Nitakula ukuta wa nyumba yako."

Nilichukua fimbo nikateremka mtoni, kwa kupumzika mara nyingi. Mahali ambapo maji yamejipinda chini ya kivuko, mafuriko yameacha ukingo mpya: tabaka la udongo wa kijivu, karibu mweupe, limelala kama blanketi lililokunjwa. Nilichukua kidogo nikausugua kwa vidole. Kisha nikauweka kati ya meno, jinsi tulivyofanya mgodini kujua kama kuna mchanga. Hakuna hata chembe. Mwororo kama unga uliopita kwenye chekecheke.

Nikampelekea Zilpah habari. Ni mimi niliyemwonyesha mahali, kwa fimbo yangu. Nilirudi nyumbani nimechoka sana na nimefurahi sana. Bado nafaa kitu.

Jumapili, 22 Machi

Zilpah ameleta kikapu cha kwanza. "Odowa huu Mungu mwenyewe ndiye aliyeusaga," alisema. Filister amekula vipande vitatu mfululizo, macho kayafumba. Wanawake wote wanausifu.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Kikohozi.

Alhamisi, 2 Aprili

Filister anatapika. Anasema ni mtoto.

Jumatatu, 6 Aprili

Anatapika. Anasema ni mtoto, na niache kumwangalia kama kuku aliyeibiwa mayai.

Ijumaa, 10 Aprili

Leo hakusema ni mtoto. Alisema viganja vyake vina ganzi, kama mtu aliyelalia mikono. Alidondosha sufuria ya uji. Nicanor alipokuja, alimtazama ulimi na kucha, kisha akaniita nje.

"Mzee, huyu ni wa nne. Wote wana mimba, wote wanatapika, wote ganzi. Na Monicah wa pale juu, yake imetoka jana."

"Wanakunywa maji gani?"

"Mbalimbali. Mmoja anakinga ya mvua."

Monicah alikuja kwetu Jumapili ile kununua odowa. Nilimpisha kiti.

Jumanne, 14 Aprili

Asubuhi Filister alikuwa anachekecha unga wa mtama. Nilitia mkono kwenye ungo, nikausugua unga kwa vidole bila kufikiri, na vidole vikakumbuka kabla yangu.

Mto hauchekechi. Mto huleta mchanga na matope na majani pamoja na kuyalaza pamoja. Udongo usio na hata chembe ya mchanga, wa kijivu kile, nimeuona mahali pamoja tu duniani: katika bwawa ambamo mgodi humwaga mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu. Mungu hakuusaga. Kinu kiliusaga, kando ya chumba changu. Na mawe ya huku hayana dhahabu peke yake. Yana arseniki, sumu ile ile inayotiwa kwenye josho la ng'ombe kuua kupe. Katika kutoa dhahabu hutumika pia zebaki. Niliyajua hayo nikiwa kijana. Niliyaandika kwa mkono wangu katika ripoti. Na mwezi uliopita niliutia udongo huo kinywani nikausifu.

Nilimwambia Filister asile tena. "Dresa amekataza," nilisema.

Kwa nini nilisema dresa?

Ijumaa, 17 Aprili

Nimefika mgodini. Jirani mwenye baiskeli alinibeba hadi mlima unapoanza, mlima nikaumaliza kwa matako, hatua ya kukaa na hatua ya kuinuka. Ukuta wa bwawa una pengo upande wa kijito kinachoingia Kuja. Umezibwa kwa magunia ya mchanga, lakini njia ya tope inaonekana, kijivu, hadi chini.

Ongeri ndiye mpima madini sasa. Nilimfundisha kazi. Alinikaribisha chai na kuniita mzee kwa Kikisii chetu.

"Omogaka, tangu uhuru nakalia kiti cha Mzungu, na kiti chenyewe kinauma mgongo."

"Ukuta ulibomoka lini?"

"Ile mvua kubwa. Tumeshaziba."

"Na kilichotoka?"

"Kimeenda na maji. Tope ni tope, Mzee."

"Ongeri, mimi ndiye niliyekufundisha kwamba tope si tope."

Akaangalia mlango, akaufunga. Akasema akiripoti kwamba sumu imeingia mtoni, kesho kiti kitakaliwa na mwingine, na ukuta utabaki vilevile. Sikumlaumu. Nilimwomba chupa moja ya asidi. Akanipa mbili, akazifunga ndani ya koti lake la mvua, akanipa na koti.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimechukua tope juu ya mgodi, ambako Kuja bado haijakutana na kijito. Mvua ilininyeshea. Filister amenikaripia.

Jumanne, 21 Aprili

Tope la mdomo wa kijito.

Jumatano, 22 Aprili

Nimelala tu. Damu kwenye kitambaa.

Alhamisi, 23 Aprili

Tope la kivukoni na la ukingo mpya. Ukingoni niliteleza nikakaa majini hadi kiuno, na mama mmoja aliyekuwa akifua akanivuta kwa kola kama mtoto mchafu. "Unatafuta nini humu, Mzee?" Nikamwambia natafuta nilichopoteza. Akasema nikipate upesi kabla sijapotea mwenyewe.

Jumapili, 26 Aprili

Nimepima. Njia ni ya zamani na haihitaji mashine. Unachemsha tope ndani ya asidi, unatumbukiza waya wa shaba uliosuguliwa hadi ung'ae, unangoja. Tope likiwa safi, waya unatoka mwekundu kama ulivyoingia. Ikiwemo arseniki, waya unakuwa mweusi. Ikiwemo zebaki, unapata weupe wa fedha unaotoroka ukiupasha moto.

Tope la juu ya mgodi: waya mwekundu. Nikalirudia, mwekundu.

La mdomo wa kijito: mweusi kabla sijamaliza kukohoa.

La kivukoni: kijivu.

La ukingo mpya, nililolitia kinywani: mweusi, na chini ya weusi weupe.

Nikapima na kipande cha odowa kilichobaki kwenye kabati la Filister, chenye alama ya meno yake. Hicho sitaki kukieleza.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimempa Nicanor nyaya zote, kila moja katika karatasi yake, azipeleke kwa wakubwa. Jibu alilorudi nalo jioni ni kwamba mtu atatumwa mvua ikikatika. Nicanor akasema, "Wanataka mto ukauke ndipo wauangalie."

Alhamisi, 30 Aprili

Leo wanawake wamempiga Zilpah. Sio sana, lakini wamempiga. Watu wa kwao Monicah walimngoja kivukoni wakammwagia kikapu, wakamwita mchawi anayelisha wajawazito udongo wa makaburi. Alipita hapa nywele zimefumuka. Alisimama mlangoni kwangu.

"Jaduong', wewe msomi. Waambie mimi nilichimba wapi."

Nikamwambia, "Watatulia."

Ndivyo nilivyosema. Watatulia. Alingoja kidogo, akaondoka, na bangili haikugonga kitu.

Ijumaa, 1 Mei

Sikusema.

Jumamosi, 2 Mei

Sabato. Mchungaji alikuja kuniombea nyumbani. Aliomba pia Bwana afichue mkono ulioleta madhara kijijini. Nikaitikia Amina. Bado sikusema.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Nimekuwa mtu wa aina gani? Nilidhani woga ni kitu cha vijana, wenye maisha ya kupoteza. Mimi nina wiki chache tu za kupoteza, na nimezishika kama bahili. Nataka kuzikwa nikiitwa Mzee Makori aliyesoma Makerere. Kwa ajili ya jina hilo kwenye jeneza nimemwacha mwanamke aitwe mchawi.

Jumanne, 5 Mei

Nimemwambia Filister. Alikuwa anachambua mboga. Nilianza mbali, na arseniki na kinu, akanikatiza.

"Baba, sema."

"Ukingo ule niliuonyesha mimi. Zilpah hakuujua. Niliuonja, nikauita safi. Kisha nilipojua, nikasema ni dresa."

Aliendelea na mboga hadi mwisho wa fungu. Mikono yake bado haishiki vizuri, majani yalikuwa yanaanguka.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya unga."

"Na mimi nikakaa najiuliza kama ni tumbo langu limelaaniwa. Mara ya tatu. Kila siku nikikuletea uji, unaniangalia, unajua."

"Ndiyo."

"Laiti ungekuwa na nguvu, ningekupiga." Akasimama, akakung'uta nguo. "Sasa inuka. Zilpah huku hauzi tena. Amebeba magunia yaliyobaki, ameenda kuuza soko la Homa Bay. Unajua wanaonunua pale? Watu wa Kendu Bay. Watu wa mashua. Dada zangu wa Rusinga."

Sikuwa nimefikiria mahali magunia yalipokwenda. Ni mimi msomi, na sikufikiria.

Alhamisi, 7 Mei

Soko kubwa ni Jumamosi. Nicanor amenikataza kusafiri, kisha ameniandalia dawa ya njiani. Filister anataka kuja. Nimemwambia nikifia barabarani, azikwe mmoja, si wawili. Natoka kesho kupitia Rongo. Maishani mwangu sijawahi kuingia sokoni siku ya Sabato. Mchungaji atanisamehe au hatanisamehe.

Jumapili, 10 Mei, Homa Bay

Naandika nimeegemea ukuta wa nyumba ya mpwa wangu, kwa sababu nikilala sipumui. Nitaandika yote.

Zilpah alikuwa safu ya wauza odowa, karibu na wauza dagaa wa omena, kelele zake zimerudi. Aliponiona aliwaambia wenzake kwa sauti, "Njooni muone! Maiti imekuja kununua sanda yake mwenyewe."

Nikasema, "Zilpah, usiuze huo."

"Kumbe sauti unayo? Siku ile ilikuwa wapi?"

"Niliogopa."

Wanawake walikuwa wameanza kusogea. Nikavua kofia. Nikasema kwa Kiswahili, na palipohitaji, kwa Kijaluo changu kibovu: udongo wa gunia hili una sumu ya josho. Umetoka mgodini, mto umeubeba. Aliyewaambia wachimbaji kwamba ni safi ni mimi, si huyu mama. Huyu mama aliniamini kwa kuwa nimesoma. Anayemwita mchawi aje aniite mimi.

Kisha Benta, muuzaji mnene wa kutoka Kendu Bay, akaangua kicheko. "Mzee, udongo hata bibi zetu walikula! Wewe na shule yako mmekuja kutunyang'anya hata udongo?"

Wote wakacheka. Sikuwalaumu. Mimi pia ningecheka.

Nikamwomba mama muuza chai anitolee sufuria ya maji moto. Nikatoa gilasi zangu nene mbili na chupa ya Ongeri. Nikamwomba Benta kipande cha odowa wake, nikakiponda katika gilasi ya kwanza. Cha Zilpah nikakiponda katika ya pili, nikatia asidi katika zote mbili na kuzisimamisha ndani ya maji moto. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta waya.

Hakuna waya. Niliziacha zote kwa Nicanor, kila moja katika karatasi yake. Msomi.

Sijui nilikaa hivyo muda gani, mkono mfukoni, na watu wananitazama. Kicheko kilianza tena pembeni. Ndipo Zilpah aliponishika kiwiko.

"Unatafuta nini?"

"Shaba."

Aliniangalia. Akaangalia mkono wake.

"Itaharibika?"

"Kama nasema kweli, itaharibika."

Alipaka mate kifundo cha mkono, akavuta, akalaani, akavuta tena. Bangili ya mama yake ikatoka. Akaisugua kwa mchanga na kanga hadi ikang'aa, akanipa. "Anza na wa Benta," alisema. "Nataka nimuone akicheka."

Katika gilasi ya Benta bangili iliogelea upande mmoja na kutoka nyekundu. Benta akapiga makofi. Nikaigeuza, nikatumbukiza upande wa pili katika gilasi ya Zilpah. Tukangoja. Mtu mmoja akasema, "Aa, mzee amechoka tu," na kabla hajamaliza, shaba ilianza kufifia kama jicho linalofumba. Ikawa ya kahawia. Ikawa nyeusi, weusi wa chini ya chungu, nusu bangili kamili.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke kijana mwenye tumbo kubwa alitema alichokuwa akitafuna, akajifuta ulimi kwa kanga, akajifuta tena, akaanza kulia.

Zilpah alikamata gunia lake kwa mikono miwili kuliburuta kuelekea majini. Nikapiga kelele ambayo sikujua bado ninayo: "Si ziwani! Zilpah, si ziwani!" Akasimama. Akaelewa. Tukalizika nyuma ya soko, mbali na maji, shimo la kina cha mtu, naye Benta akichimba kuliko wote. Wanawake wakagawana safari: huyu aende Kendu Bay, yule apande mashua ya Rusinga, kila aliyeuziwa atafutwe.

Zilpah aliketi karibu nami, jasho linamtoka.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nilikutungia wimbo mzuri sana. Sasa nitabadilisha beti."

Jumanne, 19 Mei

Nyumbani. Nilirudishwa nimelala juu ya magunia ya mahindi. Siinuki. Filister ananiandikia mistari hii na anasema nimeiharibu nguo nzuri.

Jumatatu, 25 Mei

Naandika mwenyewe, kidogo. Ganzi ya Filister inapungua. Mtoto anacheza tumboni. Tope lile limefanya nini mwilini mwake sijui, na Nicanor hajui, na sitakuwepo siku ya kujua. Sitaki mtu anifariji kwa hilo.

Monicah nilimtuma Nicanor amlete. Nilimwambia. Alisikiliza, akaondoka. Ni haki yake.

Jumamosi, 30 Mei

Ongeri amekuja, siku ya Sabato, na debe la chokaa mabegani kama kibarua. Ametia alama nyeupe kwenye miti ya ukingo, kuanzia mdomo wa kijito hadi chini ya kivuko. Penye chokaa hapafai kuchimbwa. Kiti bado ni chake, kwa sasa. Ukuta unajengwa kwa mawe, lakini kilichokwisha kulala chini ya mto kitalala humo kwa miaka, na kila mafuriko yatakigeuza. Ndiyo maana nimemfundisha Zilpah kupima.

Jumatano, 10 Juni

Mvua imepungua. Zilpah amepata odowa mwingine mlimani, mbali na mto. Filister hajala udongo tangu Aprili, anatafuna nyasi kama mbuzi.

Zilpah alipimia hapa, kando ya kitanda changu. Bangili amekataa kuisugua. Upande mweusi ameuweka juu, watu waulize. Ilikuwa inagonga gilasi alipokuwa akiponda.

"Usitie asidi nyingi," nilisema.

"Nyamaza, Jaduong', unapoteza pumzi."

Akatumbukiza waya. Tukangoja, sote watatu. Macho yangu hayaoni mbali tena.

"Mwekundu," alisema.

"Rudia."

Hakubisha. Alimwaga, akaosha, akaponda kipande kingine, akasugua waya mpya. Jiko likalia. Filister alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, anameza mate.

"Mwekundu."

"Niletee karibu."

Akauweka mbele ya pua yangu. Nikautazama hadi nikauona. Ulikuwa mwekundu, mwekundu kabisa, kama siku ulipotoka dukani.

"Kula, mwanangu," nikamwambia Filister.

Alimtazama Zilpah kwanza. Zilpah akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akachukua kipande, akauma, na chumba kizima kikasikia kikivunjika.